Foldscope: hadubini ya karatasi, na kipimo chake ni kitunguu

Foldscope inakuja ikiwa bapa, na unaikunja mwenyewe. Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha maelezo yake mwaka 2014. Vipande vya karatasi ngumu isiyolowa vinabanduliwa na kukunjwa kwa kufuata rangi, kisha inapachikwa lenzi moja ndogo. Haina taa wala umeme. Toleo la kawaida linakuza mara 140.

Mara 140 si haba. Seli ya utando wa kitunguu yenye urefu wa robo milimita inaonekana kana kwamba ina sentimita 3.5. Ila kukuza pekee hakutoshi. Kifaa hiki kinatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikroni 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, kwa hiyo bakteria wengi hawasomeki. Na kwa malaria msijisumbue: maabara hutafuta vimelea kwa kukuza mara 1,000, kwa lenzi inayoguswa na tone la mafuta lililo juu ya slaidi, yaani kipande cha kioo kinachobeba sampuli.

Kwa anayeanza, kitunguu maji kinatosha kuijaribu. Kata gamba moja, uvunje kuelekea upande wa nje, kisha ubandue kwa kibanio ule utando laini ulio upande wa ndani. Huo una tabaka moja tu la seli, ndiyo maana tunauchagua. Ukikata kipande cha gamba lenyewe, mwanga haupiti na utaona giza. Tandaza utando wa nusu sentimita juu ya tone la maji kwenye slaidi. Weka tone la iodini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji mara nne, subiri dakika 3, halafu shusha kifuniko, yaani kioo kidogo chembamba cha kufunikia utando, kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia. Ukikidondosha kwa pamoja, unafungia hewa. Duara safi lenye ukingo mweusi mnene ni povu la hewa, na wanafunzi wengi hulichora wakidhani ni seli! Seli za kitunguu zimepangana kama matofali, kila moja na kiini cha rangi ya kahawia.

Kosa linalofanya watu waseme kifaa ni kibovu ni kuingiza slaidi kichwa chini. Lenzi ya aina hii huona vizuri kitu kilicho chini ya milimita moja kutoka kwake, na kioo cha slaidi peke yake ni milimita 1 hivi. Upande wa kifuniko lazima uitazame lenzi. Baada ya hapo sogeza jicho karibu kabisa, kope zikikaribia karatasi, uelekee dirishani, na usukume au uvute karatasi kwa vidole gumba mpaka picha itulie. Usiielekeze kwenye jua, utaumiza jicho.

Picha ni kali katikati, kingo zinafifia. Hiyo ni tabia ya lenzi moja ya mviringo, na Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliona viumbe vya majini katika karne ya 17 kwa lenzi moja vilevile. Kinachoudhi zaidi ni kwamba mtu mmoja tu ndiye anayeona. Katika darasa la watoto 60 foleni inavunjika kabla ya wa kumi. Sumaku ndogo inayokuja nayo inakibana kwenye kamera ya simu, na hapo darasa zima linatazama kioo cha simu. Bila simu, mwalimu hataweza kujua kama mtoto anaona kiini au povu.

Karatasi inastahimili maji, lakini mikunjo hulegea ikikunjuliwa mara kwa mara, na ikilegea picha inahama kila ukipumua. Ikunje mara moja, uiache hivyo. Lenzi futa kwa kitambaa laini kikavu, wala si kwa shati, maana vumbi la shati huichuna.

Baada ya kitunguu, kwangua kiazi mbatata na uongeze tone lilelile la iodini. Punje za wanga zinageuka buluu iliyokoza. Iodini ikizidi, zote zinakuwa nyeusi tii na huoni umbo la punje hata moja.