Kifriji cha vipodozi cha lita 4, baada ya joto la Februari

Kijana aliyeniuzia pale Kariakoo alinihakikishia: "Dada'angu, ukiweka humu losheni haiishi muda." Maneno ya biashara hayo. Tarehe iliyopigwa kwenye tyubu haisogei kwa ajili ya baridi, na krimu iliyokwisha muda ukiiweka humu unapata krimu baridi iliyokwisha muda. Tukishaelewana hapo, tukizungumzie kifriji chenyewe, maana kazi kinayo, ila ni ndogo kuliko bei yake.

Ni kile cha waridi, lita 4, mlango wa kioo, rafu moja ya katikati inayochomoka. Nilikichukua kwa laki na ishirini baada ya kuvutana. Hakina kompresa kama friji la jikoni. Ndani kuna kibamba cha umeme kinachovuta joto upande wa ndani na kulitoa nje, na feni nyuma inalipuliza. Kwa hiyo huwezi kukipangia nyuzi unazotaka. Kinashusha tu kutoka kwenye joto la chumba. Mwezi wa pili, chumbani kwangu Tabata mchana panagonga 32. Nikatia kipimajoto ndani, kikasoma 17. Kwa vipodozi inatosha kabisa. Maji ya kunywa usitegemee.

Umeme ndio ulionishtua. Hiki changu hakijizimi kikishapoa, kinavuta saa zote. Kwenye boksi wameandika wati 45, na hiyo ukiipigia hesabu ya saa 24 ni yuniti moja na ushee kwa siku, thelathini na kitu kwa mwezi. Friji kubwa lenye samaki, mayai na mboga za wiki nzima linaweza kula kiasi hicho hicho! Kama uko kwenye ile tarifa nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, usije ukaivuka kwa sababu ya seramu mbili.

Kero nyingine ni swichi ya nyuma. Ina upande wa baridi na upande wa moto, eti utapashia taulo, na hakuna chochote kinachoizuia isiguswe. Mdogo wangu akifuta vumbi aliisukuma, jioni nikafungua mlango nikakutana na fukuto. Sasa nimeibandika selotepu. Aliyebuni kuweka joto na baridi kwenye swichi moja ya kifaa cha vipodozi sijui alikuwa anawaza nini.

Halafu kuna unyevu. Hewa ya Dar ikiingia humo inageuka matone kwenye kuta, na lebo za karatasi zinalowa. Chupa moja ya tona ilifutika tarehe yote, na bila tarehe umebaki na pua yako. Nilichofanya ni kutandika kitambaa chini, nakibadilisha kikilowa, na kila kitu nikikifungua naandika mwezi na mwaka kwa maka peni kwenye kitako cha chupa.

Na huo mwezi wa kufungua ndio watu wengi hawauhesabu. Angalia nyuma ya kopo: kuna kijipicha cha kopo lililo wazi mfuniko, ndani yake 6M au 12M. Ni miezi ya kutumia tangu siku uliyofungua. Kwa sheria za Ulaya, bidhaa inayodumu zaidi ya miezi 30 hailazimiki kuandikwa tarehe ya kuisha, inatosha kijipicha hicho. Ndiyo maana krimu nyingine za kutoka huko ukizigeuzageuza huoni tarehe. Za Korea zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na tarehe ikiwa moja peke yake usikimbilie kusema ndiyo ya mwisho. Huenda ni ya kutengenezwa. Ukikuta stika imebandikwa juu ya tarehe, rudisha kwenye rafu. Muuzaji akileta ubishi, vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, peleka malalamiko huko.

Kilichokiokoa kifriji machoni pangu ni seramu ya vitamini C. Hii haipatani na joto, mwanga wala hewa. Juu ya meza ya kioo, karibu na dirisha, ile ya awali ilianza kama maji, ikawa njano, na kabla sijafika nusu chupa ilikuwa chai ya rangi, ikaenda kwenye taka. Chupa ya sasa imebaki robo na bado ni njano ya kufifia. Jeli ya alovera nayo inafurahisha ukitoka kwenye daladala la saa nane mchana, japo hiyo ni raha tu.

Vingine vyote, hapana. Mafuta ya nazi anayonitumia mama kutoka Tanga yaliganda kwenye chupa, nikashindwa kuyatoa. Yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Losheni ya kawaida na ya kukinga jua zinakaa droo ya chumbani, mbali na dirisha na mbali na mvuke wa bafuni, na ziko salama. Ya jua nawaombeni msiiache kwenye dashibodi ya gari. Makopo ya kuchota kwa kidole, hata ukiyaweka kwenye barafu, vidudu vinaingia na kidole. Chukua kijiko kidogo.

Nyota tatu kati ya tano. Anayefanya fesho nyumbani, au anayepanga chumba na friji ni la mwenye nyumba, anunue. Mwenye friji jikoni aweke seramu yake kwenye rafu ya mlango, ndani ya kopo lenye mfuniko kwa ajili ya harufu ya samaki, na laki yake ibaki mfukoni. Ukiamua kununua, dai risiti yenye muhuri: waranti ya miezi sita niliyoambiwa mimi ilikuwa ya mdomo.