Biblia Habari Njema, mrejesho baada ya miezi mitatu ya kuisoma na mama

Habari zenu wapendwa, naandika hii kwa wale wanaouliza kila siku wanunue Biblia gani, Union au Habari Njema. Mi nimekulia kwenye Union, ile tafsiri ya zamani ya 1952, mama yangu Mlutheri wa Moshi anayo moja ya siku nyingi mpaka jalada limetoka akalishona na uzi wa viatu. Sasa macho yamemchoka, maandishi yale madogo hayaoni, ndo nikaenda mjini nikamchukulia Habari Njema ya umbo kubwa. Ile ya kwanza niliyouziwa kurasa za Waebrania zilikuwa zimejirudia na Yakobo hamna kabisa, na duka likagoma kunibadilishia mpaka nirudi na risiti, kwa hiyo ifungue uikague palepale kaunta kabla hujatoa hela. Na kama we Mkatoliki uliza yenye Deuterokanoni, vile vitabu vya Agano la Kale ambavyo Waprotestanti hawana kwenye Biblia yao, maana yapo matoleo yenye hivyo vitabu na yasiyo navyo.

Maandishi yanasomeka vizuri, kila kitabu kina utangulizi mfupi, Kiswahili chake ni cha watu wanaoongea leo. Lakini mi nataka kuongelea kilichomo ndani.

Baba alifariki mwaka jana na tangu tumzike mama ana maswali mawili tu, baba yenu yuko wapi saa hizi, na huyu Yesu tuliyemkabidhi ni nani hasa. Basi kila jioni tukishakula tunaweka zote mbili mezani, mi nasoma mpya, yeye ananisikiliza huku ya zamani anayo kichwani.

Tukafika Wafilipi 2:6. Union inasema Yesu "alikuwa yuna namna ya Mungu", mwanangu yuko darasa la sita akadakia, bibi kwa hiyo alikuwa kama Mungu ila sio Mungu mwenyewe? Na huwezi kumlaumu mtoto, Kiswahili cha sasa ukisema namna ya kitu mtu anaelewa kinafanana tu. Nikasoma Habari Njema: "Yeye, kwa asili alikuwa daima Mungu". Mama akanyamaza kidogo akasema rudia hapo. Nikarudia. Yaani hilo neno daima ndo ugomvi wote wa karne ya nne umo humo, padri mmoja, Ario wa Aleksandria, alifundisha kwamba kuna wakati Mwana, yaani Yesu, hakuwako, maaskofu wakakutana Nikea mwaka 325 wakamkatalia, ndo maana mpaka leo Wakatoliki wakisali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, wanasema "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Kigiriki chenyewe pale kimeandika morphe, yaani umbo, kwa hiyo Union imelishika neno lilivyo na Habari Njema imefungua maana, na kwa mtoto wa darasa la sita na bibi yake mi nachagua iliyofungua. Nina mfanyakazi mwenzangu ni Shahidi wa Yehova, Biblia yao Yohana 1:1, pale Yesu anapoitwa Neno, wameandika Neno alikuwa mungu kwa m ndogo, sasa ona herufi moja tu inavyobeba imani nzima ya mtu.

Ila kuna mahali Habari Njema imeniangusha. Yohana 1:14 Union inasema "Naye Neno alifanyika mwili", hii mpya inasema "akawa mwanadamu". Sio kosa, ila mwili ni mwili jamani. Mwili unasikia njaa, unachoka, unalazwa. Mimi nimemuogesha baba miezi minne akiwa hajiwezi, najua mwili ni nini, na nikisikia Mungu alichukua hiki hiki kitu nilichokuwa nakishika na kitambaa na maji ya uvuguvugu napata nguvu ambayo neno mwanadamu halinipi. Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mwingine wa maaskofu mwaka 451, ulisema Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, asili mbili nafsi moja, mi naielewa pale kwenye lile beseni kuliko popote.

Kuhusu mbinguni sasa. Mama anaipenda sana Luka 23:43, yule mhalifu msalabani, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Jirani yetu Msabato, mtu mzuri sana alikuja kila siku ya msiba, anasema mkato ukae baada ya leo, yaani nakuambia leo, na kuwa huko ni siku ya ufufuo, wafu wamelala. Na ni kweli Wagiriki wa zamani hawakuandika mikato, kila mtafsiri anaweka pale anapoelewa. Mi naamini baba yuko na Kristo sasa hivi na mwili wake unangoja, Paulo kwenye Wafilipi 1:23 alitamani kuondoka akakae na Kristo na hakusema akalale. Lakini jirani na sisi tukifika Ufunuo 21 tunasoma pamoja bila kubishana, mji unashuka, Mungu anahamia kwa watu, wala sio roho zinaelea huko juu milele. Yesu mwenyewe alipofufuka alikula samaki wa kuokwa mbele yao, Luka 24, mama hapo anacheka kila tukifika.

Yohana 14:2 ndo tulishindwana kabisa na tafsiri mpya. Imeandika "nakwenda kuwatayarishieni nafasi". Mama akasema hapana, nafasi ni ya kugombania kwenye daladala, Bwana alisema naenda kuwaandalia mahali, na mahali pa mtu pana mtu wake. Nikamwambia mama umeshinda.

Kwa hiyo nunueni, haswa kama nyumbani kuna watoto, nyota nne kwa tano, ila ya Union msimpe mtu. Kwetu mpya inakaa mezani, ile iliyoshonwa uzi wa viatu iko kitandani upande aliokuwa analala baba, miwani ya mama imo katikati pale Yohana 14.