Vigae vya sola visivyoharibu sura ya nyumba: kipi kitangulie

Kabla ya kuuliza bei, likague paa lenyewe. Kama bado ni zima, achana na vigae vya sola, yaani vigae vya paa vinavyozalisha umeme wa jua: utalipia kung'oa paa zuri ili uweke jingine, ilhali paneli za kawaida juu ya reli zingekupa umeme mwingi zaidi kwa fedha ile ile. Vigae hivi ni vya nyumba inayojengwa, au ya paa lililochoka. Kwa wenye hali hiyo, mimi navipanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa kitu ambacho wauzaji hata hawakiiti kigae: paneli nyeusi tupu, fremu nyeusi, zilizozamishwa ndani ya paa zikalala usawa mmoja na vigae vinavyozizunguka. Ukiwa barabarani utadhani ni dirisha la paa. Seli zake ni zile zile zinazogeuza zaidi ya asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, viungo vya nyaya ni vichache, na moja ikifa inabadilishwa bila kufumua nusu ya paa.

Ya pili ni vigae vya kupigilia, kama Timberline Solar ya GAF Energy iliyotoka 2022. Fundi wa paa anavigongomea misumari kama vigae vya lami, na kazi inakwenda haraka. Ila vimetengenezwa kukaa pamoja na vigae vya lami. Mwenye paa la udongo au bati asivihangaikie.

Tatu ni paa zima la vigae vya kioo, yaani Solar Roof ya Tesla, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Oktoba 2016. Kwa urembo, inazishinda zote zilizotangulia. Baadhi ya vigae vina seli, vingine ni vya kujazia tu, na ukiwa chini huvitofautishi. Hapo ndipo bei inapopanda, maana hata visivyozalisha umeme unavilipia. Paa lenye kona na mabonde mengi (pale miteremko miwili inapokutana) hudai vya kujazia vingi zaidi.

Mwisho naweka vigae vinavyoiga udongo, kama vya Dyaqua ya Italia vilivyowekwa kwenye magofu ya Pompeii. Seli zimefichwa chini ya tabaka lenye rangi, kwa hiyo sehemu ya mwanga inapotea njiani. Jengo la kihistoria lisiloruhusiwa kubadilishwa sura, sawa. Nyumba ya kawaida, hapana.

Mwiba wa jamii hii yote ni joto. Seli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25. Ikifika nyuzi 65, asilimia 12 hadi 16 imeshakwenda. Paneli ya reli hupulizwa na upepo chini yake. Kigae kimebanana na paa. Muulize fundi ataacha nafasi gani ya hewa, na asipokuwa na jibu tafuta mwingine.

Waranti nazo zidai tatu: ya umeme, ya kuvuja na ya kazi ya fundi. Halafu nunua vigae vya akiba siku hiyo hiyo. Kampuni ya Dow iliacha kutengeneza vigae vyake vya Powerhouse mwaka 2016, miaka michache tu baada ya kuanza kuviuza, na cha kampuni moja mara nyingi hakiingii kwenye nafasi ya kampuni nyingine.