Miezi mitano na proksi kinyume kwenye seva ya pamoja: uzoefu wangu kutoka Mwanza

Jumamosi hiyo saa 12 asubuhi simu ya Mama ilinikuta Nyegezi, sijaamka vizuri. Shikamoo yangu aliijibu nusu. "Mwanangu, huko kwenye mtandao kumeingia nini? Wateja wananipigia, wanasema wakifungua kwangu wanakuta duka la vipuri vya magari."

Nikafungua kwenye simu. Anwani ni ile ile, jina la biashara ya Mama liko juu kwenye kivinjari, ila ndani ni ukurasa wa watu wengine kabisa, na visanduku viwili vinakungoja ujaze namba ya simu na neno la siri. Nilihisi baridi mwili mzima. Nilikuwa na miezi mitatu kwenye seva ile, na asubuhi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya, ili anayetaka kuweka programu yake kwenye seva ya pamoja, yaani mashine moja inayogawiwa wateja wengi, ajue anaingia wapi.

Mama ninayemsema anauza dagaa kwa jumla pale soko la Kirumba Mwaloni. Wanunuzi wake wako Kahama, wako Kigoma, wengine wanavusha mzigo hadi Kongo. Zamani bei ya siku aliwatumia mmoja mmoja kwa simu. Nikamwandikia mfumo mdogo kwa Node.js, yaani programu ya JavaScript inayokimbia kwenye seva: mnunuzi anaingia, anaona bei ya gunia, anaweka oda, Mama anathibitisha. Nikachukua kifurushi cha seva ya pamoja kwa kampuni ya hapa nchini, shilingi 120,000 kwa mwaka, malipo kwa simu, msaada kwa Kiswahili. Jina la kampuni naliacha. Kuhamisha nilipanga wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala na soko linapoa. Nilijipa siku nne. Zilikwenda kumi na moja.

Kwenye seva ya pamoja programu yako haikai mlangoni. Mlangoni yupo Apache, programu ya seva ya wavuti, anayepokea wageni wa wateja wote wa mashine hiyo, na programu yako inasikiliza ndani, kwenye poti yake, yaani mlango wenye namba. Kumwagiza Apache kwamba wageni wa jina hili wapelekwe kwenye poti ile na majibu yarudi kwa mkono wake, ndiyo proksi kinyume. Ni kazi ya dalali pale Mwaloni: mnunuzi hamjui mwenye mtumbwi, anamjua dalali, na dalali ndiye anayekwenda na kurudi.

Nilianza kwa kuandika ProxyPass ndani ya .htaccess, maana ndilo faili pekee la Apache ambalo mteja wa kifurushi kile anaruhusiwa kugusa. Tovuti nzima ikatoa kosa 500, yaani seva imekwama ndani. Nikafungua tiketi ya msaada. Siku ya pili nikajibiwa kwamba 500 ni tatizo la msimbo wangu. Haikuwa kweli. Nilipoifikia logi ya makosa, yaani kumbukumbu za seva, jibu lilikuwa humo kwa mstari mmoja: "ProxyPass not allowed here". Amri hiyo Apache haiipokei kutoka .htaccess; mahali pake ni kwenye mipangilio mikuu ya seva, ambako mteja hafiki. Kinachokubalika kwenye .htaccess ni RewriteRule yenye alama ya P mwishoni, mradi wenye seva wamewasha moduli za proksi. Wao walikuwa wameziwasha. Sentensi moja ya kusema hivyo kwenye ukurasa wao wa msaada ingeniokolea siku mbili, na mpaka leo haijaandikwa.

500 ikaondoka, ikaja 503, yaani huduma haipatikani. Logi ikasema Apache amejaribu 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, poti 3000 akakataliwa, na programu naiona inakimbia! Hapa niliumia kichwa usiku mzima. Kumbe programu niliiambia isikilize "localhost", na kuanzia Node.js toleo la 17 jina hilo linaweza kutafsiriwa kwanza kuwa anwani ya mtindo mpya wa IPv6, yaani ::1, si 127.0.0.1. Mmoja anasubiri mlango wa mashariki, mwenzake anagonga wa magharibi. Niliandika 127.0.0.1 pande zote mbili, ukurasa ukafunguka.

Ukafunguka na kuanza kuzunguka. Programu yangu humlazimisha kila mgeni aje kwa https, lakini Apache akishampokea mgeni kwa https humleta ndani kwa http ya kawaida. Programu inamrudisha, Apache anamleta tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa. Dawa yake ni fupi: Apache aweke kichwa cha X-Forwarded-Proto, yaani maelezo kwenye ombi yanayosema mgeni alikuja kwa https, na programu iambiwe imwamini dalali wake. Nikaendelea mbele haraka, kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha na giza la mwezi linaingia, mitumbwi inarudi majini.

Haraka hiyo ilitugharimu. Nilikuwa nimeweka ulinzi kwamba anwani ikikosea neno la siri mara tano inafungiwa nusu saa. Sikuangalia kwamba programu inawaona wote kwa anwani moja, 127.0.0.1, kwa sababu anayegonga mlango wa ndani siku zote ni Apache. Mnunuzi mmoja wa Nansio akakosea mara tano saa 1 asubuhi, na wote wakafungiwa naye. Mama alikuwa amesimama kwenye mzani na magunia 30 yamepangwa, oda haziingii, na mchukuzi anauliza apakie ya nani kwanza. Anwani halisi ya mgeni inakuja kwenye kichwa kingine, X-Forwarded-For, na Apache huiweka mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuisoma. Ukiweka proksi, hili lipime kabla hujamkabidhi mtu mfumo: ingia kwa simu mbili zenye mitandao tofauti, uone programu inaandika anwani ngapi.

Mwezi wa pili paneli ya kampuni, ukurasa wa kusimamia kifurushi, ikaonya kwamba cheti cha usalama cha https hakijahuishwa. Vyeti vya Let's Encrypt, wanaovitoa bure, vinadumu siku 90, na katika kuhuisha, wao huja kusoma faili dogo chini ya /.well-known/acme-challenge/. Kanuni yangu ya proksi ilikuwa inabeba kila kitu, pamoja na ombi hilo, na kulipeleka kwa programu isiyolijua. Nikaitenga njia hiyo, basi.

Sasa Jumamosi ya vipuri. Niliingia ndani ya seva kwa SSH, nikakuta programu yetu imekufa. Logi yake: EADDRINUSE, poti 3000 ina mtu. Nikatuma ombi moja kwa moja 127.0.0.1:3000 kutoka ndani ya mashine, nikajibiwa na duka la vipuri. Hapo nikaelewa. Usiku kampuni ilizima na kuwasha seva kwa matengenezo. Jirani yangu kwenye mashine ile, mteja kama mimi, naye ana programu inayotaka poti 3000, na yake ikawahi kuamka. Mafaili ya wateja yametenganishwa, siyaoni yake wala yeye hayaoni yangu, lakini poti za mashine ni za wote: anayewahi ndiye mwenyewe. Apache hakujua lolote, akaendelea kuwapeleka wanunuzi wa Mama kwenye poti 3000 alivyoagizwa.

Fikiria wanunuzi waliojaza namba na neno la siri asubuhi ile. Jirani hakuwa na nia mbaya, lakini mwenye nia mbaya angeweza kusubiri programu yangu ianguke dakika moja tu, akaikalia poti. Nilizima tovuti, nikawabadilishia wote maneno ya siri, na Mama akawapigia mmoja mmoja kuwaeleza. Ilimchukua mpaka adhuhuri.

Msaada wa kampuni? Wa kwanza kunijibu kwa ujumbe aliniambia, "Kaka, futa kache ya kivinjari." Nikamtumia jibu la poti lililotoka ndani ya seva yao, akarudia hilo hilo. Saa 3 usiku akaingia fundi mwingine, akasoma mara moja tu, akaandika: "Pole sana kaka. Usitumie poti kabisa hapa." Akanionyesha kwenye paneli sehemu ya kuweka programu za Node.js kupitia Passenger, programu ya kuendesha programu nyingine, ambapo seva yenyewe ndiyo inayoiwasha programu na kuongea nayo kwa njia isiyo poti ya wazi. Dakika 40 tulikuwa tumemaliza. Yule kijana anajua kazi, na alinieleza kwa subira, neno kwa neno. Kilichoniuma ni kwamba njia hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na katika tiketi zangu sita zote zilizotaja proksi na poti 3000 hakuna aliyeniambia.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Seva yao haizimiki ovyo, kwa miezi mitano nimeona kukatika mara mbili tu, na kwa tovuti ya kawaida, ya shule, ya kanisa, ya duka, bei ile ni ya haki. Nyota mbili nimezizuia kwa sababu wanauza kifurushi kwa maneno "programu za Node.js zinakubalika" bila kueleza zinakubalika kwa njia ipi, na kwa sababu waliacha wateja wagombee poti huku wakijua. Ukiwa na programu inayopokea maneno ya siri au pesa za watu, uliza swali moja kabla hujalipa: programu yangu nikiizima, nani mwingine kwenye mashine hii anaweza kukaa kwenye poti yake? Jibu likichelewa, chukua VPS, yaani seva pepe ya peke yako.

Passenger nayo ina kasoro yake hapa. Kwa mipangilio yao programu isipotembelewa muda fulani inalazwa, na mnunuzi wa kwanza wa saa 11 alfajiri anasubiri iamke. Mama amehesabu, anasema ni muda wa kufunga gunia moja. Tovuti zangu nyingine tatu nimezilipia kwao mwaka mwingine. Mfumo wa dagaa nauhamishia VPS mbalamwezi ijayo, na safari hii nimejipa siku kumi.