Kozi ya video ya forihendi: nunua ama wacha?

Niaje wasee, karibuni tena. Leo tunachambua ile kozi ya tenisi ya kulipia, ya forihendi (lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi), ambayo mmekuwa mkinitumia linki yake mkiuliza kama ni ya ukweli ama ni ya kula pesa za watu. Hakuna mtu amenilipa, nimeinunua mwenyewe, na jibu langu ni hili: nunua kama uko na mtu wa kukuangalia ukicheza, kama huna, hiyo pesa mpelekee kochi.

Somo la gripu, yaani vile unashika raketi, ni safi, ingawa hilo hata bure unalipata. Mpini wa raketi uko na pande nane, unahesabu kutoka juu, na kama unatumia mkono wa kulia kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa tatu hiyo ni istani, wa nne ni semi-westani. Federer alicheza karibu na istani, Nadal semi-westani, kwa hivyo hiyo vita yenu ya gripu ipi ni bora tuiache hapo.

Sasa mahali kochi wa hii kozi amenifurahisha kabisa ni mabega. Wengi wetu mpira ukikuja tunarudisha mkono peke yake, kifua kimetazama neti kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Yeye anasema mkono wa kushoto ubaki kwa shingo ya raketi mpaka mabega yageuke, ndio uachilie, halafu uunyooshe sambamba na neti. Ameionyesha kwa slomo (video ya mwendo wa polepole) kutoka nyuma na kutoka ubavuni, na unaona kabisa raketi imefika nyuma na mkono wa kulia haujavuta kitu, kisha mguu unasukuma, nyonga zinafunguka, raketi inashuka chini ya mpira na kupanda, na mpira unagongwa mbele ya mwili. Hicho kipande rudia mpaka uchoke.

Kile sijapenda ni vile anaongea sana kuhusu kifundo cha mkono. Kile kichwa cha raketi kubaki nyuma kinatokea chenyewe mwili ukizunguka na mkono ukiwa umelegea. Ukianza kukilazimisha utaumia kifundo, na mpira bado utaenda nje. Hata ile ya kumalizia raketi juu ya kichwa kama Nadal, wacha kwanza, huo ni mwisho wa pigo na watu wanauiga kabla hata hawajajua mwanzo.

Halafu kuna kitu hatawahi kukwambia, kwa sababu anafundishia pwani. Nairobi tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira haupati wa kuupunguza mwendo, na ITF, shirikisho la tenisi duniani, wenyewe wana mipira maalum ya kucheza juu ya mita 1,219. So lile pigo lake la kunyoosha, la mpira usiozunguka sana, linaloangukia ndani kwake, hapa linagonga fensi ya nyuma. Chukua somo lake la topspini (kuzungusha mpira kwa mbele ndio ushuke haraka), pandisha raketi zaidi, na ukipeleka raketi kufungwa nyuzi mwambie fundi azikaze kidogo. Na usiniambie hewa yetu haijengi mchezaji, Angella Okutoyi amelelewa hapa hapa na 2022 alibeba taji la dabo (wawili wawili) la wasichana chipukizi Wimbledon na mwenzake wa Uholanzi.

Shida kubwa ya video yoyote ni kwamba haikuoni. Wewe unahisi umegeuka, kumbe bega limesonga kidogo tu. Funga simu kwa fensi ya ubavuni mwako, washa slomo, piga mipira michache, halafu simamisha picha pale mpira unagusa nyuzi: kama uko ubavuni mwako, umechelewa kugeuka, rudi kwa somo la mabega. Hilo somo lidaunilodi ukiwa na waifai nyumbani, kwa sababu ile slomo yake ni nzito na ukiiangalia kortini bando itaisha kabla hujafunga viatu.