Nikkor-M 300mm f/9: lenzi ya wapanda milima

Kama una kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 na unaibeba mgongoni, hii ndiyo lenzi ndefu ya kununua. Pamoja na shata yake ya Copal 1 (kifaa cha kufungua na kufunga mwanga) ina gramu 290 hivi, na filta zake ni za milimita 52. Mimi napanda nayo kutoka Lushoto mpaka genge la Irente, na miti ya kule chini Mazinde inatoka imechongeka mmoja mmoja. Duara lake la picha, yaani eneo la filamu linalofikiwa na picha ya lenzi, hufika milimita 325 ukipunguza tundu la mwanga hadi f/22. Hata filamu ya inchi 8 kwa 10 inaenea.

Taabu yake ni giza. Kwa f/9, ambalo ndilo tundu lake kubwa kabisa, alfajiri kioo cha kufokasia hakionyeshi kitu bila kitambaa kizito kichwani.

Tena pima mvukuto wa kamera (ule mfuko wa kukunjwa kati ya lenzi na filamu) kabla hujatoa hela: kitu kikiwa mita 3, lenzi inadai mvukuto uvutike sentimita 33. Nikon hawaitengenezi tena, kwa hiyo utapata iliyotumika. Mulika tochi ndani utafute kuvu, hasa ikiwa imekaa Pwani, kisha usikilize shata kwenye sekunde 1 kama haikawii wala kukwama.