Uzoefu wangu: rimu za ET0 na matairi ya 285 kwenye pikapu

Krrr. Mlio ulianza siku ile ile ya kwanza, narudi nyuma kuegesha huku nimekata usukani wote. Nikadhani nimekanyaga chupa. Nilipoinama nikakuta unga mweusi wa plastiki chini, na bitana ya madigadi imelika kama imepigwa msasa. Matairi mapya, rimu mpya, hata ile mistari ya rangi ya kiwandani kwenye mpira haijafutika!

Kosa langu: nilichagua kwa macho. Gari lilikuja na 265/70R17 (tairi la upana wa milimita 265, kwa rimu ya kipenyo cha inchi 17) kwenye rimu za upana wa inchi 7.5, ET30 (ET ni namba ya jinsi rimu inavyokaa ndani au nje, naieleza hapo chini). Nikataka 285/70R17 juu ya rimu za inchi 9, ET0, kwa kuwa nilikuwa nimeziona kwenye gari la mtu zimekaa kibabe. Dukani niliuliza swali moja tu, kama matundu ya nati yataingiliana. Sita kwa 139.7, yaani matundu sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7. Yakaingiliana, nikalipa.

Matairi yenyewe sina ugomvi nayo. Ile 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu umetoka milimita 185.5 hadi 199.5, na kimo cha gurudumu zima kutoka 803 hadi 831 hivi. Wengi hujidanganya hapa: gari halikuinuka milimita 28, limeinuka 14, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Spidomita ikisoma 100, kwa hesabu nakwenda 103 na nusu. Kuondoka kumekuwa kuzito kidogo, breki nazo zinataka mguu zaidi. Lakini kwenye mawe na mashimo ubavu ule mnene unameza vizuri sana, na kwa hilo tu ningeyanunua tena.

Rimu ndizo zilizoniponza. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye hab (kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa) na mstari wa katikati ya upana wake. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Mimi nilishuka kutoka 30 hadi 0, nikaongeza na upana wa inchi moja na nusu ambao nusu yake inaangukia nje: 30 na 19, jumla 49. Karibu sentimita tano! Gurudumu lililotoka hivyo halizunguki mahali pake ukikata kona, linafagia upinde mpana na kuitafuta madigadi mbele na nyuma. Tope lilikuwa linaruka hadi kwenye vioo vya pembeni, na barabara yenye mifereji ilininyang'anya usukani.

Fundi wangu alipaka chaki kwenye bega la tairi, akaniambia nikate usukani kushoto na kulia taratibu, kisha akaonyesha palipofutika. "Kaka, tairi halina kosa. Umelisukuma nje mwenyewe."

Alipofungua gurudumu akakuta la kutisha zaidi, na hili duka siwezi kulisamehe. Nati zangu za zamani zina makalio bapa, yaani sehemu inayokaa juu ya rimu ni tambarare, rimu mpya zina matundu ya koni, nao wakafunga zile zile za zamani. Nati ya namna hiyo haishiki sawasawa, hata uikaze vipi. Tundu la kati la rimu nalo lilikuwa pana kuliko hab yangu ya 106.1, hakuna pete ya kuziba, ndiyo maana usukani ulikuwa ukitetemeka nikifika 90.

Nikarudisha rimu za kiwandani. Tairi la 285/70R17 linaruhusiwa kwenye rimu ya inchi 7.5 hadi 9, kwa hiyo yalikaa bila shida. Pakabaki sehemu moja tu ya kugusa, nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Fundi akaipasha moto plastiki, akaisukuma ndani, kimya hadi leo.

Alama zangu: matairi manane kwa kumi, rimu mbili, na hizo mbili ni za rangi. Ukitaka muonekano wa kutoka nje kidogo, mimi ningeanzia inchi 8 na ET20 hivi, na ningepima kwa futi kabla ya kutoa hela.

Spea bado ni 265. Nikipata pancha nitatembea nalo polepole hadi kwa fundi, na gia ya magurudumu manne siigusi, kwa kuwa kimo chake hakilingani na matairi mengine.